Alichosema Bibi wa Nyumba ya Mwisho

Binti yangu Ishimwe huwaamkia mijusi. Akimkuta mmoja ukutani, hasa wale wakubwa wenye kichwa chekundu, anasimama wima na kusema, "Shikamoo." Mjusi akitikisa kichwa, mtoto anaridhika kwamba ameitikiwa, anaendelea na michezo yake. Majirani wa hapa Mbuba wameshazoea. Mimi nilikuwa nacheka tu, mpaka siku nilipomuuliza sababu, akanijibu kwa uso mkavu kwamba huwezi kujua, huenda huyo ni bibi wa mtu, alisimulia hadithi mchana.

Hayo ni mafunzo ya mama mkwe wangu, Clotilda. Kwao Wahangaza hadithi husimuliwa jioni tu. Ukiisimulia jua likiwa juu, unageuka mjusi. Mimi ni Msukuma, jina langu Kwandu, nimezaliwa Kaniha kule Biharamulo, na nilipoolewa huku nilidhani ni maneno ya kuwanyamazisha watoto watu wafanye kazi. Bado nadhani hivyo. Lakini wewe mwombe Mama Clotilda hadithi saa nane mchana, uone atakavyokutazama. Utafikiri umemwambia avue nguo sokoni.

Mume wangu Danstan yuko Rusumo, anafanya kazi na mawakala wa forodha, na nyumbani anakuja mwisho wa wiki, akija. Siku nyingine tunabaki watatu na ng'ombe mmoja. Mama ndiye mwenye ng'ombe na ndiye mwenye kibuyu. Maziwa yakiganda anayamimina humo, anakaa chini, anakipakata kibuyu na kukisukasuka huku anaongea na yeyote anayepita njiani, mpaka anasikia mlio umebadilika, anajua siagi imejitenga. Siagi hiyo anaiyeyusha taratibu na majani makavu yenye harufu, anaichuja, anaimwaga kwenye kopo. Ndiyo mafuta ya kupaka nyumba nzima. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuja na mafuta yangu ya dukani, nikasema yale ya kwake yananuka zizi. Akaniuliza kama ng'ombe wetu wa Kisukuma wananukia marashi. Tukaacha hivyo, yeye na kopo lake, mimi na chupa yangu, kila mtu na ngozi yake.

Ishimwe ni wa kopo. Kila jioni baada ya kuoga anakaa kwenye mkeka jikoni, mgongo kwa bibi yake, na Mama anaanza kumpaka kuanzia shingoni. Mikono ikianza, na hadithi inaanza. Mama anazijua nyingi, lakini Ishimwe alishachagua yake, na kila siku ni hiyohiyo.

Inahusu msichana aliyeachiwa wadogo zake. Mama yao aliondoka asubuhi kwenda kukata nyasi za kuezekea, giza likaingia hajarudi, na moto jikoni ukazimika. Wadogo wakaanza kutetemeka. Msichana akachukua kigae akaenda kuomba kaa la moto kwa majirani. Nyumba ya kwanza wakamwambia, moto tutakupa, kwanza tupurie maharage. Akapura, wakampa, kaa likamzimikia njiani. Nyumba ya pili wakasema, kwanza tubembelezee mtoto. Akabembeleza, wakampa, likazimika. Hivyo hivyo, nyumba baada ya nyumba, hadi akafika ya mwisho kabisa, juu ya kilima, ambako alikaa bibi kipofu peke yake. Ndani hakukuwa na moshi wala mwanga. Bibi akasikia hatua, akasema, "Mjukuu wangu, ingia. Lakini kabla hujaniomba moto..."

Hapo Mama huuliza, "Umelala?" Na huwa hapati jibu, maana Ishimwe ameshalala kitambo, midomo wazi, anang'aa kama ndizi iliyokaangwa. Mimi nambeba nampeleka kitandani. Na kwa kuwa muda huo nakuwa na vyombo vya kuosha na maharage ya kuchambua, sikuwahi kujiuliza huyo bibi alisema nini. Najilaumu kwa hilo, kwa sababu mimi ni mtu wa kutaka kujua. Gari likisimama barabarani lazima nijue limebeba nini.

Basi kuna siku moja, msimu wa kuvuna maharage, Ishimwe alilala mchana kutwa juu ya magunia. Jioni ikafika, akaogeshwa, akapakwa, msichana akapita nyumba zote, akafika kilimani.

"'Mjukuu wangu, ingia. Lakini kabla hujaniomba moto...'" Mama akatua. "Umelala?"

"Sijalala," akasema Ishimwe.

Mikono ya Mama ikasimama.

"Bibi, akasema nini?"

Niliacha sufuria kwenye beseni nikageuka. Mama alikuwa anatazama kopo la mafuta utafikiri jibu limeandikwa ubavuni.

"Bibi! Akasema nini?"

"Sijui, mwana wanje," akasema Mama. "Sijui alisema nini."

Ishimwe alilia kwa hasira usiku ule hadi akachoka. Mimi sikulia, lakini nilikuwa karibu. Inawezekanaje mtu asimulie kitu tangu ujana, kwa watoto wake wote na wajukuu, na yeye mwenyewe hajui kinaishia wapi? Nikampigia Danstan simu Rusumo. Nikamuuliza, yule bibi kipofu wa kilimani alimwambiaje msichana? Nikasikia malori yananguruma nyuma yake, kisha akasema, "Kwani kuna maneno baada ya pale? Mimi nililala." Nikampigia dada yake, Suzan. Naye alilala. Ukoo mzima wa wasinziaji, na mimi nimejiozesha humo.

Asubuhi tulipokuwa tunachambua majani ya maharage, Mama alinieleza bila kuulizwa. Hadithi ile ilikuwa ya mama yake. Aliwasimulia hivyohivyo, jioni, akiwapaka mafuta, na Clotilda aliyekuwa kitindamimba alikuwa analala palepale mlangoni kwa bibi kipofu. Kisha mama yao akafariki. Clotilda alikuwa bado anang'oa meno ya utoto.

"Uso wake umeniponyoka zamani," akasema. "Sauti ndiyo ninayo. Nikisimulia naisikia kabisa, inatoka mdomoni mwangu. Lakini inafika pale mlangoni inakatika. Ninazeeka, Kwandu. Nataka kujua alikuwa anasema nini mimi nikiwa nimelala."

Alilisema hilo huku anaendelea kuchambua, hakuniangalia. Nami ambaye nilikuwa nimejiandaa kumtania, utani ukaniisha.

"Hakuna aliyekuwa haonani na usingizi kati yenu?" nikauliza.

Akafikiri. Kisha mikono ikasimama tena, kama jana yake. "Kankindi," akasema. "Kankindi alikuwa na upele."

Mama Mkubwa Kankindi ni dada yake, ameolewa kwa Wasubi, na anakaa Kaniha, kijiji kimoja na wazazi wangu. Yeye ndiye aliyenionyesha kwa Danstan, kwa hiyo lawama nyingine nampa yeye. Mama akanieleza kwamba utotoni Kankindi alisumbuliwa na upele usiokoma. Wenzake wakipakwa mafuta, yeye aliogeshwa maji ya mubirizi, yale majani machungu, na mwasho haukumwacha alale. Watoto wengine wakishalala yeye anabaki anajikuna, macho makavu.

"Miaka yote hii hukumuuliza?"

"Tunakutana misibani," akasema Mama. "Mchana, watu wamejaa. Nani anauliza hadithi msibani? Tena niliona aibu. Nilidhani wote waliisikia isipokuwa mimi."

Nikampigia Mama Mkubwa papo hapo. Masikio yake si mazuri, ikabidi nipige kelele kuhusu msichana na kigae hadi majirani wakachungulia. Aliponielewa alicheka sana. "Hiyo haisemwi kwenye simu," akasema. "Mwambie Clotilda aje. Aje na mafuta."

Nikauliza mafuta ya nini. Akakata.

Theodosia, jirani yetu, alikubali kutukamulia ng'ombe kwa jioni moja na asubuhi yake, si zaidi, maana ng'ombe wa Mama anapiga mateke. Tukatoka alfajiri na kopo limefungwa ndani ya kitenge. Tulipanda gari Kasulo, na mwisho tukamalizia kwa bodaboda katikati ya mashamba ya mahindi, na kila mtu aliyeturushia salamu njiani Ishimwe alimwambia kwamba tunakwenda kuuliza alichosema bibi. Tulifika jua bado lipo. Ishimwe akataka jibu hapo hapo uwanjani. Kankindi, mrefu, mkavu, kitambaa kichwani, akamwonyesha mjusi kwenye ukuta wa jiko. Mtoto akasalimia, akanyamaza.

Jioni tulikula ugali na mlenda, tukakaa jikoni kwake. Kankindi akafungua kopo, akanusa, akafumba macho. "Unayatengeneza kama yeye," akamwambia mdogo wake. Kisha akaichukua miguu ya Mama, iliyokuwa imevimba kwa safari, akaiweka mapajani mwake akaanza kuipaka. Sijawahi kumwona Mama mkwe akishikwa na mtu. Yeye ndiye anayeshika wengine. Alikaa kwa wasiwasi mwanzoni, anavuta vuta kitenge, halafu mabega yakashuka.

Kankindi alisimulia vizuri kuliko sisi sote. Nyumba zake zilikuwa na majina ya wenye nyumba, maharage yake yalipurwa kwa wimbo. Mimi nilikaa karibu na mlango, macho pima, nimeapa moyoni kwamba leo hata nyoka akipita sinyanyuki. Msichana akaanza kupanda kilima.

"Hodi!" ikasema sauti nje. "Kwandu! Ni kweli umekuja?"

Alikuwa mama yangu mzazi, Secilia.

Asiyewajua Wasukuma hawezi kuelewa balaa lililonipata. Mama yako akija kukusalimia, humwambii asubiri. Unatoka, unapiga magoti, unaitikia. "Mwadila, mayu," nikasema, na salamu zikaanza. Aliuliza habari za Danstan, za mtoto, za mama mkwe, za ng'ombe wa mama mkwe, za ndama, za mvua ya Mbuba ikilinganishwa na mvua ya Kaniha. Nami kwa adabu nikarudisha kila moja, nikauliza za baba, za kaka Mashimba, za mke wa kaka Mashimba, za ng'ombe wote wa kaka Mashimba ambao kwa bahati mbaya ni wengi. Masikio yangu yalikuwa jikoni, magoti yangu kwenye kokoto. Nilisikia sauti ya Kankindi ikishuka, ikawa ndogo. Nilisikia Ishimwe akisema, "Aa!" Mama yangu akauliza habari za mihogo.

Nilipoingia ndani hadithi ilikuwa imekwisha. Kankindi anafuta mikono. Ishimwe amekaa, macho makubwa, anaitazama mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma. Na Mama Clotilda amelala, kichwa ukutani, midomo wazi, miguu bado iko mapajani kwa dada yake.

"Alilalia wapi?" nikanong'ona.

"Palepale," akasema Kankindi. "Mlangoni." Nikamwomba anirudie mimi, akasema haisimuliwi mara mbili kwa jioni moja, na Mama asiamshwe.

Asubuhi Mama alipozinduka na kuelewa kilichotokea, alikaa kwenye ukingo wa kitanda akalia. Hakuficha. "Nimelala tena," alisema. "Nimekuja mbali hivi, nikalala tena." Ilinichoma. Nikamwomba Mama Mkubwa, nikamwambia tufunge madirisha, tuzibe na mianya kwa nguo, kuwe giza, aseme upesi tu. Akaniambia jua halidanganywi kwa shuka. Na gari letu lilikuwa halisubiri, wala ng'ombe wa Mama, wala Theodosia.

Alipotusindikiza, Kankindi alimshika mdogo wake begani. "Usilie, Clotilda. Mtoto anayo. Nimeiweka mahali pazuri kuliko kichwa changu."

Basi safari ya kurudi ikawa ya kumbembeleza mtoto wa miaka mitano. Mama alianza kwa upole. Akaahidi maandazi. Akaahidi soda, yeye ambaye siku zote anasema soda inaharibu meno. Ishimwe alitazama soda kwa uchungu, akatazama jua.

"Bibi," akasema, "unataka niwe mjusi?"

Nilitaka kucheka, nikaona uso wa Mama, nikaacha. Mimi nami nilijaribu. Nilimwambia mtoto kwamba sisi Wasukuma hatugeuki mijusi, na yeye nusu ni Msukuma. Akaniuliza, je, nikigeuka nusu?

Sikuwahi kuona jua likichelewa kuzama kama siku ile. Tulifika, Mama akakamua, nikapika, tukala. Niliwasha taa ya sola nikaitundika msumarini. Ishimwe aliogeshwa. Mama akakaa kwenye mkeka akachukua kopo, kwa mazoea, na mtoto akalichukua mikononi mwake.

"Leo mimi ndiye Bibi," akasema. "Wewe geuka."

Mama akageuka. Ishimwe akamwambia avue blauzi. Mama akanitazama mimi, mkwe wake, akaona haya. Kwetu sote, kwao na kwetu, hayo si mambo ya mbele ya mkwe. Nikajifanya nachochea moto. Nilisikia vifungo.

Mtoto akachota mafuta akaanza, na hadithi ikaanza. Aliivuruga. Nyumba ya pili aliitanguliza, maharage akayasahau akayarudia, akaongeza mbuzi ambaye hakuwepo. Nilikuwa nimeng'ata ulimi nisimsahihishe. Mama alikaa wima kabisa, hakuegemea popote, na kila mara alijifinya mkono. Msichana akapanda kilima. Bibi kipofu akasikia hatua.

"Akasema, 'Mjukuu wangu, ingia. Lakini kabla hujaniomba moto...'" Ishimwe akatua. Akainama mbele kumchungulia Mama usoni. "Umelala?"

"Sijalala," akasema Mama. Sauti ilikuwa ndogo.

"Akasema, 'Kabla hujaniomba moto, nipake mgongo. Mkono wangu haufiki, na sina mtu.'"

Nilisahau kujifanya nachochea.

"Msichana akakasirika," Ishimwe akaendelea, viganja vinazunguka. "Akasema, huyu hana hata moto, na wadogo zangu wana baridi. Lakini akampaka. Akapaka, akapaka. Mikono yake ikawa ya moto! Bibi akasema, 'Haya, moto ndio huo. Nenda nao, huo hauzimiki njiani.' Akarudi mbio. Mama yao alikuwa hajarudi. Akamshika mdogo wa kwanza, akampaka, akapata joto, akalala. Akamshika wa pili, akalala. Wote wakalala. Hadithi imefika kwao, ikalale."

Nilimwona Mama kwa ubavu, machozi yanashuka na hayafuti, na wala hakuwa na huzuni usoni. Alikuwa na sura ya mtu aliyetafuta kitu nyumba nzima akakikuta mkononi mwake.

"Kumbe ndicho alichokuwa anakifanya," akasema. "Kila jioni. Maneno alikuwa anampa Kankindi, sisi alitupa kitu chenyewe."

Kisha akauliza, na hakumuuliza mtoto peke yake: "Na yule msichana? Yeye alipakwa na nani?"

Ishimwe akafikiri. Aliangalia dari, aliangalia kopo. "Bibi Kankindi hakusema," akakiri. Akaendelea kupaka, lakini viganja vyake ni vidogo, vilipanda mabegani na kushuka kiunoni, na katikati, palipo juu ya uti wa mgongo, pakabaki pakavu. Alijinyoosha kwa vidole vya miguu. Hapakufikika.

Niliuona mgongo wa mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Ngozi ya mikono yake na uso ni laini kuliko yangu, watu wa sokoni humsifu. Lakini pale katikati ilikuwa imepauka na kukatika, kama ardhi ya kiangazi, mahali ambapo hapajaguswa na mtu tangu baba yake Danstan afariki. Miaka sita nimeishi naye nyumba moja na chupa yangu ya dukani.

Niliosha mikono. Nikapiga magoti nyuma yake, nikachota mafuta ya zizi kwa vidole vyangu, nikayasugua kwenye viganja mpaka yakapata joto. Mama alishtuka nilipomgusa. Hakusogea.

Nilianza pale palipokauka. Ishimwe alikaa pembeni akisimamia kazi, ananionyesha kwa kidole mahali niliporuka. Bega la Mama likashuka, na la pili. Pumzi yake ikawa ndefu. Mtoto akainama tena kumchungulia usoni.

"Bibi, umelala?"

"Bado," akasema Mama. "Endeleeni."